Masizi ya Chumba cha Redio

Jumatatu, 31 Machi 2025

Gathii amekuja tena na vitambaa. Vitambaa! Vya kufuma, vyeupe, vina maua pembeni — mke wake amevifuma kwa ajili ya viti vya marubani. Nimemwambia, kwa heshima yote niliyobaki nayo, kwamba rubani wa mwaka 1943 hakukalia kitambaa cha sebuleni. Akasema, “Lakini mgeni rasmi atakalia, madam.” Gathii ndiye mwenyekiti wa makumbusho yetu. Ana duka la hardware hapa Kitale, na kwake hakuna kitu duniani kisichopendeza zaidi kikifunikwa.

Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 26 Aprili. Hata mwezi haufiki. Mbawa hatuna — zilikatwa zamani zikawa sufuria, nusu ya kijiji cha Saboti imesonga ugali ndani ya mbawa za ndege yetu. Lakini mwili upo mzima, na ndani ndiko kwenye kazi yangu. Watu hupiga picha pua. Mimi huingia ndani. Ndege ya mabomu ukiitazama kwa nje ni sanamu tu. Ndani ndiko utajua kama waliokuita kuitazama ni wakweli au waongo. Nimeona picha za makumbusho za ng’ambo, nje inang’aa kama sahani, ndani wamemwaga kopo moja la rangi nyeusi toka mbele hadi mkiani na kubandika vibonye vya plastiki. Aibu. Yangu haitakuwa hivyo.

Nasema “yangu”. Najiambia: haya, Lenah.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo chumba cha redio. Nilikiacha mwisho kwa sababu kinanitia wasiwasi, sijui kwa nini. Kiko katikati, nyuma ya marubani, mbele ya pale mabomu yalipokuwa yakining’inia. Mtu mzima hawezi kusimama wima. Ukuta wa kushoto hadi dari ni mweusi tititi. Kipngetich, fundi wetu wa alumini, anasema ni moto wa injini. Gathii anasema ni moto wa adui.

Adui gani, Saboti? Ndege hii haikuona vita hata kwa mbali. Ilikuwa ya kufundishia. Injini moja ilizima, rubani akaitua kwenye ngano ya mzungu mmoja, akashuka, akaomba chai. Mwenye shamba akaiburuta kwa ng’ombe hadi karibu na zizi, ikawa stoo yake. Uhuru ulipokuja shamba likagawiwa familia zilizotoka Nyeri na Murang’a, na ndege ikaangukia kwenye kipande cha baba yake Kinyua. Kinyua ndiye aliyetupa, tukaileta hapa Kitale. Hiyo ndiyo historia yote, na inanitosha.

Nimepitisha kidole kwenye weusi. Nimenusa. Moto wa petroli hukunja chuma, huu haujakunja chochote. Rangi ya kiwandani iko chini yake, salama. Haya ni masizi ya kuni. Yana mafuta, yana tabaka juu ya tabaka, sawasawa na dari la jiko la mama pale Myanga.

Mtu alipika hapa. Na si siku moja.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeongea na mzee mmoja wa Uingereza kwa video. Chama chao kinakusanya vipuri vya ndege za aina hii na wana redio — redio yenyewe, ya kweli, imelala kwenye sanduku stoo kwao! Watatupa bure. Sharti ni moja. Ndani irudi kama ilivyokuwa 1943, kila kilichoingia baadaye kitoke. Picha zimfikie kabla mwezi haujaisha. Nikamwonyesha masizi kwa simu. Akasema kwa upole kwamba huo ni uchafu wa baadaye, usafishwe. Yuko sawa. Hata mimi ningemwambia mtu hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Chumba cha redio chenye redio. Nimekiwaza miaka minne.

Basi mbona nimezunguka banda mchana kutwa kama kuku anayetafuta pa kutagia? Chai yangu imepoa mara mbili. Kipngetich kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 6 Aprili

Saboti, baada ya kanisa. Tope hadi kwenye vifundo, Elgon imejifunika ukungu haionekani. Nilienda kumwona mama yake Kinyua, Mama Mary Ann — ni jina lake mwenyewe, la ubatizo. Anakaribia themanini, mwembamba, anatembea kama mtu mwenye haraka. Nilitaka kitu kimoja tu: aniambie nani alipika ndani ya ndege.

“Hatukukaa kwa ndege,” akasema. “Sisi tulikuwa na nyumba.”

Kinyua akacheka. Ni mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa sauti kubwa, na siku hizi anautafuta udiwani. “Mami, si kila mtu anajua nilizaliwa huko ndani? Mpaka nimechapisha T-shati, Mtoto wa Ndege!”

“Kunywa chai,” mama yake akamwambia. Akanigeukia. “Kama kuna uchafu, toa. Uchafu ni wa kutoa.”

Haya. Nimepewa ruhusa na mwenyewe. Tulipokuwa tunaagana akina mama wawili wazee wakapita njiani na Biblia kwapani, wakampungia mkono — Mama Nduta, habari ya siku nyingi! Nduta ni kitindamimba wake, mwalimu huko Nakuru, picha yake iko ukutani. Mama Mary Ann akawapungia, akaingia ndani bila kunitazama.

Kuna kitu. Sijui ni nini. Nachukia kutojua.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekoroga dawa ya kusafishia. Nimeifunika. Nimejiambia kwanza nitafute kile kiti kimoja cha rubani kilichopotea, masizi baadaye. Visingizio tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa kwa mama, Myanga. Nimefika kupitia Bungoma mjini na nikaenda moja kwa moja sokoni kwa kinyozi anayeitwa Wakhungu. Kiti chake cha kunyolea ni kiti cha rubani wetu! Kipngetich ndiye aliyesikia habari. Nilipokiona moyo uliniruka. Fremu ile ile, matundu yale yale ya mikanda, amekishonea ngozi ya ng’ombe juu. Mteja alikuwa amekikalia, nusu ya kichwa imenyolewa.

Nikajieleza. Makumbusho, vita, usahihi. Wakhungu aliendelea kunyoa.

“Madam, baba aripata hii kiti kwa mzungu, akanyorea watu mpaka akafa. Mimi nimenyorea watu mpaka nimezeeka. Rubani arikaria muda gani? Si ni kidogo tu, akaanguka?”

“Hakuanguka. Alitua.”

“Sawa, aritua. Sasa wewe niambie, hii kiti ni ya nani?”

Mteja akasema ni yake, maana bado hajamaliziwa. Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwahidi kiti kipya cha kinyozi, cha kuzunguka, cha kupanda na kushuka. Hapo akaniangalia vizuri. Ameniambia atafikiria. Nikiwa nje nikamsikia akimwambia mteja kwamba huyu mama ni mkari sana lakini anapenda kazi yake. Nimezomewa na kusifiwa kwa pumzi moja.

Halafu hapa nyumbani. Nilikuwa namsaidia mama kuchambua mboga, nikamsimulia Saboti yote, hata wale wazee wa Biblia. Nikamuuliza tu kwa kupitisha muda, kwa nini waseme Mama Nduta na kifungua mimba ni Kinyua?

Mama aliacha kisu. “Mwanamke anaitwa kwa jina ra mtoto wa kwanza. Hata kama huyo mtoto arienda.”

“Lakini Nduta yuko Nakuru, mama. Mzima. Ndiye mdogo kabisa.”

“Huyo ni mwingine,” mama akasema. “Jina rimerudishwa.”

Nimeacha mboga. Nimekaa hapa nje na kalamu. Kwetu jina la aliyetutoka hurudi, na kwao Wakikuyu mtoto wa kike wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na akifa, anayefuata hulibeba jina lile lile, maana bibi lazima aitwe. Najua haya tangu nikiwa shule. Nimefanya kazi na watu wa Saboti miaka minne na sikuunganisha! Kulikuwa na Nduta kabla ya Kinyua.

Jumapili, 13 Aprili

Nimerudi Kitale. Ningependa kuandika matusi lakini mama alinilea vizuri.

Gathii amepaka rangi. NDANI. Jana, mimi nikiwa Myanga. Ameleta vijana na makopo kutoka dukani kwake — rangi ya mafuta, krimu, ile ya kuta za kliniki — wamepaka chumba chote cha marubani. Sakafu. Mbavu za alumini. Hata waya! Nje wamepaka chokaa mawe ya njiani na mashina ya miti, hilo nililitegemea, hakuna mgeni rasmi aliyewahi kufika Trans-Nzoia akakuta jiwe ambalo halijapakwa chokaa. Lakini ndani?

“Ilikuwa inaonekana nzee,” akasema.

“Ni nzee, mwenyekiti! Ndiyo maana iko makumbusho!”

Akaona nimevuka mpaka. Mimi pia nikaona. Hapo ndipo Kipngetich akasema taratibu kwamba chumba cha redio hawakukigusa. Alikaa mlangoni akakataa kutoka, akajifanya anatengeneza bawaba, mpaka vijana wakaishiwa na rangi. Nilitaka kumkumbatia. Nikampa mandazi yote ya mama.

Funika kombe mwanaharamu apite — hiyo ndiyo sera ya nchi nzima. Wiki itaenda yote kuikwangua hiyo rangi.

Jumatano, 16 Aprili

Mikono imechunika. Krimu inatoka vipande vipande, na mahali pengine inatoka na kijani cha kiwandani. Kila kikitoka nauma meno.

Mchana nikaenda Saboti. Sikupaswa kwenda. Nilijiambia naenda kumjulisha Mama Mary Ann habari za sherehe, kumbe nilikuwa nataka kujua, tu, kama mtoto anayefunua sufuria ya watu. Kinyua hakuwepo. Tukanywa chai. Nikauliza wazi, bila kupinda: mbona wazee wa kanisa wanakuita Mama Nduta?

Akaweka kikombe chini. Akasimama, akaanza kufagia, na palikuwa pamefagiliwa. Akafagia hadi kwenye miguu yangu. Nikaondoka.

Ulimi hauna mfupa. Wangu hauna hata aibu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua. Sijaenda kanisani. Nimeona haya kuimba.

Jumanne, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi. Amekuja.

Peke yake, kwa bodaboda, amejifunga leso mbili kwa sababu ya baridi. Kipngetich akamshika mkono wakati wa kupanda ngazi na yeye akauondoa. Akaingia akiwa ameinama kabla hajafika pale pa kuinama — mwili wake unakijua kile chumba. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye ubavu wa tatu, miguu ameikunja upande. Kipngetich akatoka nje bila kuambiwa. Mimi nikabaki nimechuchumaa na brashi mkononi, mjinga.

“Mafiga yalikuwa hapo ulipokanyaga,” akasema.

Nikasogea.

Aliongea kwa muda mrefu, bila kulia, akiangalia masizi. Walikuja na mume wake wakati wa mvua. Nyumba haikuwa imeanza. Majirani walilala chini ya maturubai, wao wakalala kwa ndege, wakajiona wana bahati. Watu wakawacheka — bibi ya ndege, walimwita — akacheka nao. Nduta alizaliwa hapa, kwenye gunia za ngano. Jina la mama yake mume. Mtoto mkubwa, mwenye sauti. Halafu akapata kikohozi. Mume alikuwa ameenda Suam kutafuta ndama. Upepo ulikuwa unashuka kutoka Elgon na hii alumini, alisema, inakaa baridi kama maji. Akawasha moto ndani, karibu na mtoto. Akafunga mlango kabisa, akaziba na matambara chini, joto lisitoke.

“Mimi niliamka na kichwa ikiuma sana. Yeye hakuamka.”

Nikaiweka brashi chini.

“Nilisema ni kikohozi. Hata baba yake nilimwambia ni kikohozi. Alikufa akijua ni kikohozi. Kinyua akizaliwa nyumba ilikuwa tayari, alizaliwa kwa nyumba. Lakini watu walikuwa wanajua kuna mtoto wa ndege, yeye akasikia, akafikiria ni yeye. Sikumkataza. Ningemwambia ni nani?”

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Niyatoe?

“Miaka yote nimekuwa nikisema, hiyo kitu itoke. Nikipita hapo kwa shamba nilikuwa naangalia ng’ambo ile ingine. Sasa umeniuliza...” Akagusa ukuta, akaangalia vidole vyake. “Sasa sijui. Nikiitoa, hapa kulikuwa na nani?”

Hatukumzika mbali, akasema, lakini shamba limelimwa sana. Hakuna pa kuonyesha.

Akaniambia nisimwambie mtu. Nimeahidi. Naandika hapa kwa sababu hapa si mtu.

Jumatano, 23 Aprili

Sina amani. Nikishika brashi namwona. Nikiiweka, naiona redio kwenye sanduku lake. Mzee wa Uingereza ameulizia picha. Nimemjibu kwamba kuna unyevu, picha hazitoki vizuri. Mimi, ambaye nimewagombeza watu kwa sababu ya skrubu moja isiyo ya mwaka wake!

Usahihi. Mwaka gani ndio sahihi? 1943 rubani alikaa hapa asubuhi chache akibofya redio, akaenda zake, pengine alikufa mzee kwao akiwa amesahau. Sioni kwa nini saa zake zihesabiwe na za Nduta zifutwe. Lakini pia sioni kwa nini mama atundikiwe ukutani kitu kinachomchoma, eti kwa sababu mimi napenda ukweli. Ukweli si wangu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Alhamisi, 24 Aprili

Kibao kimefika. Gathii amekichapisha mjini bila kuniuliza, kikubwa, maandishi mekundu: ALAMA ZA MOTO WA ADUI, 1943. Amekwisha kukifunga kwenye mlango wa chumba cha redio.

Nikamwambia ni uongo. Akauliza, basi ni moto wa nini? Nikakumbuka nilichoahidi. Nikaanza kupanga brashi.

“Umeona?” akasema, tena si kwa ubaya. “Madam, watu hawawezi kulipa kiingilio waone moshi tu. Lazima iwe moshi ya kitu.” Na Kinyua ndiye amegharamia mahema, na atahutubia, na amefurahia sana adui. Amezaliwa palipopigwa na adui! Kura zinajihesabu.

Njia ya kuuondoa huo uongo bila kusaliti mtu ni moja. Kusiwe na masizi, kusiwe na kibao.

Walipoondoka nikafunua dawa. Nikalowesha kitambaa. Nikasugua pembeni, chini, mahali padogo kama kiganja. Yakatoka kwa urahisi, kana kwamba yalikuwa yakingoja. Kijani kikatokea — kile cha kiwandani, kibichi, hakijaona mwanga tangu huyo mtoto. Ni kizuri! Sijawahi kuona rangi ya ndani iliyohifadhiwa hivi mahali popote. Mbavu kwenye ndege tajiri za ng’ambo hazina kijani hiki. Masizi ndiyo yaliyokitunza.

Nikaangalia kitambaa. Cheusi. Nikashindwa kukiweka chini, nikashindwa kukitupa. Nimekikunja, kiko mfukoni mwa ovaroli.

Sijaendelea.

Ijumaa, 25 Aprili

Mahema yamesimama. Viti vya plastiki vimevalishwa mashela. Vitambaa vya mke wa Gathii viko kwenye viti vya marubani, nimeviacha, sina nguvu. Wakhungu ametuma kiti kwa pikapu! Pamoja na ujumbe kwamba ngozi ya ng’ombe isitolewe. Sitaitoa. Siku nyingine ningeandika ukurasa mzima.

Kibao bado kipo.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya ndege, kwenye mgongo wa ratiba ya sherehe, kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi ilienda kama zinavyoenda. Kwaya, maombi, mgeni rasmi amechelewa. Kinyua alifika na mama yake kwenye gari lenye picha zake pande zote mbili. Mama Mary Ann amevaa suti ya kanisa ya bluu na kofia. Watu walimpisha. Alikuja hadi hapa kwenye ngazi, akasema macho yake hayaoni mbali, nimsomee kile kibao chenye maandishi mekundu cha huko ndani. Nilimwomba tusubiri. Akasema nisome.

Nikamsomea.

“Ya adui,” akasema. “Huyo adui ni mimi?”

Nikaingia nikaking’oa kile kibao kwa mikono, nikavunja kucha, nikakitupa nyuma ya sanduku la zana. Gathii aliniona. Atanifukuza kazi Jumatatu, au leo. Mama Mary Ann akapanda, akapita, akakaa pale pale penye ubavu wa tatu na suti yake ya bluu. Akaona kile kijani.

“Ni wewe umetoa hapa?”

“Ni mimi. Nisamehe, mama. Sikuendelea.”

Akaweka kiganja juu yake, kikafunika chote. Nikatoa kitambaa mfukoni nikampa, sijui kwa nini, kilikuwa chake. Akakipokea kwa mikono miwili.

Nje Kinyua alikuwa ameshika maikrofoni kupitisha muda. Sauti ilikuwa inaingia ndani na kugonga alumini. Mimi ni mtoto wa hii ndege! Mimi nililia mara ya kwanza ndani ya hii mbavu! Vigelegele. Gathii akaja kusema mlango ufungwe mpaka utepe ukatwe, na mzee huyu atoke tafadhali.

“Usifunge,” Mama Mary Ann akaniambia. Sauti ya juu, sijawahi kuisikia. “Huo mlango ukae wazi. Niitie Kinyua.”

“Sasa hivi, mama? Anahutubia.”

“Sasa hivi.”

Nikavuka uwanja mbele ya watu wote na ovaroli yangu chafu. Nikamvuta shati. Alikasirika, halafu akaona uso wangu, akampa Gathii maikrofoni katikati ya sentensi. Akapanda ngazi hizi akitabasamu, bado anapungia watu.

Ni muda mrefu sasa. Nimekaa mlangoni, nimeuziba kwa mgongo wangu, lakini uko wazi. Kipngetich amesimama upande wa chini na spana, hakuna anayemsogelea. Kwaya imeishiwa na nyimbo, imerudia ule wa kwanza. Ving’ora barabarani — mgeni rasmi anaingia getini, watu wamesimama, Gathii anatembea kuja huku na mto mwekundu na mkasi juu yake. Anaonyesha saa.

Nilijaribu kutosikiliza. Mama Mary Ann alikuwa anaongea Kikikuyu, chini chini, sielewi yote. Akamaliza. Nilidhani Kinyua angepiga kelele, ana kelele huyu. Hakupiga. Nimesikia kofia inaanguka sakafuni, au kitu laini kama kofia. Halafu sauti ya Kinyua, ndogo, ya Kiswahili, sijui kwa nini Kiswahili:

“Alikuwa anaitwa nani?”

Bado hajajibiwa. Gathii amefika kwenye ngazi ya chini, na mimi sisogei.